"Mtu ni kitu gani?" Swali la Zaburi ya 8 lilivyogeuka kinywani mwa Ayubu (uzi mrefu, karibuni)

#1 Mpima Nafaka

Wakuu, salaam.

Wiki tatu zilizopita tulimzika mtoto wa dada yangu, binti wa miaka sita. Homa ilimshika Jumapili, Alhamisi hatunaye. Pale msibani mhubiri alifungua Ayubu 25, akasoma kwa sauti ya juu kwamba binadamu ni mdudu, ni buu, kisha akamgeukia dada aliyekaa mkekani: "Mama, sisi ni nani hata tumhoji Mungu?" Watu wakaitika amina. Dada hakuitika. Alikuwa ameshika pindo la kanga yake, anachomoa uzi, anauzungushia kidole mpaka ncha inakuwa nyeupe, anauachia, anachomoa mwingine. Nilikuwa karibu, nikaona nyuzi zinavyolundikana pajani mwake.

Nilitaka kusimama niseme kwamba maneno yaliyosomwa ni ya Bildadi, mmoja wa marafiki watatu waliokuja kumfariji Ayubu, na kwamba mwisho wa kitabu hicho hicho Mungu anawakasirikia Bildadi na wenzake. Sikusimama. Msibani si mahali pa kubishana na mwenye Biblia mkononi. Lakini tangu siku ile silali vizuri, ndiyo maana nimelileta hapa.

Kazi yangu ni kununua na kuuza nafaka. Nilisoma Kiebrania chuoni miaka mitatu kabla mambo ya nyumbani hayajanirudisha. Uchungaji niliuacha, lugha sikuiacha. Kila alfajiri kabla ya kufungua duka nasoma mistari michache. Tafsiri nyingi hapa chini ni zangu, kwa hiyo mkiona zinapishana na Biblia zenu msishangae.

Ninachotaka kusema ni hiki. Washairi wa Kiebrania waliujua udogo wa mtu na hawakuupaka rangi. Ila katika mashairi yao udogo ni neno ambalo mdogo mwenyewe anamwambia Mungu, tena mara nyingi huku akidai kitu. Kitabu cha Ayubu kinaonyesha kinachotokea pale watu wengine wanapolipokonya neno hilo na kumfungia nalo mdomo aliyefiwa.

Anzeni na Zaburi 8. Mshairi ametoka nje usiku. Jua halitaji, anataja mwezi na nyota, na anaziita kazi ya vidole vya Mungu. Vidole, kama vile tunavyotazama kofia iliyodariziwa tukawaza vidole vya aliyeishona. Ndipo swali linamtoka: *ma enosh ki tizkerenu*, mtu ni kitu gani hata umkumbuke, *uven adam ki tifkedenu*, na binadamu ni nini hata umwangalie. *Enosh* ni mtu kwa upande wa unyonge wake, mtu wa kufa. *Ben adam* halihitaji hata tafsiri: ni binadamu wetu huyu huyu, neno lililotufikia kwa njia ya Kiarabu, na huyo *adam* ni ndugu wa *adama*, udongo. Kila tukitamka "binadamu" tunamtaja mtoto wa udongo bila kukumbuka.

Kitenzi cha pili pale ni *pakad*, na naomba mkae nacho kidogo. Bwana "alimpakad" Sara, akapata mimba (Mwanzo 21:1). Kamanda "hulipakad" jeshi anapolihesabu. Na katika Amri Kumi Mungu "hupakad" maovu ya baba juu ya wana, pale ambapo Biblia ya Union Version ya 1952 inasema "nawapatiliza". Maana yake ya chini kabisa ni kumjia mtu na kumtazama. Jirani aliyesikia unaumwa akaja na bakuli la uji, na mgambo aliyekuja kukagua leseni ya duka, wote wawili wangeelezwa kwa kitenzi hicho kimoja. Katika Zaburi 8 aliyefika ni jirani mwenye uji. Mtu mdogo namna hii chini ya mbingu zile, na bado anajuliwa hali, tena anavikwa taji.

Sasa nendeni Ayubu 7:17. Ayubu amezika watoto kumi, ana majipu tangu wayo hadi utosi, amekaa kwenye majivu. Anasema: *ma enosh ki tegadlenu*, mtu ni kitu gani hata umfanye mkubwa, hata umwekee moyo wako, umkague kila asubuhi, umpime kila kufumba na kufumbua? Swali ni lile lile, na hapo nilipoandika "umkague" kitenzi ni *pakad* kile kile. Lakini safari hii aliyebisha hodi ni mgambo, na anabisha kila asubuhi. Mstari wa 19 Ayubu anasema jambo ambalo sijawahi kulisikia mimbarani: utaacha lini kunikodolea macho, hutaniachia hata nimeze mate? Mstari wa 20 anamwita Mungu *notzer ha-adam*, mlinzi wa watu, na kwa jinsi alivyoumia hiyo si sifa. Kabla yake, mstari wa 12, ameuliza kama yeye ni bahari, au joka la baharini, hata awekewe lindo.

Tazameni anachofanya na udogo wake. Mimi ni mdogo mno kwa ulinzi wote huu. Hata kama nimekosa, kosa langu litakupunguzia nini wewe? Ni kama mdaiwa fukara anayeigeuza mifuko yake nje mbele ya mdai ili aone mwenyewe. Na anayeonyeshwa ni Mungu, kwa "wewe", ana kwa ana.

Swali linarudi tena 15:14, sasa kinywani mwa Elifazi, mwenzake Bildadi: *ma enosh ki yizke*, mtu ni kitu gani hata awe safi? Amelichukua kwa Ayubu, akaling'oa "wewe" iliyokuwemo. Haongei tena na Mungu. Anamwambia mgonjwa habari zake mwenyewe. Hapo shairi limeshakuwa rungu.

Nitaendelea kadiri mtakavyouliza.

#2 Shemasi Mstaafu

Mwanangu, pole sana kwa msiba, Mungu awatie nguvu. Nimekusoma kwa makini. Lakini unyenyekevu ndio mwanzo wa imani, na Daudi mwenyewe katika Zaburi 22 anasema "mimi ni mdudu wala si mtu". Mhubiri amekosea wapi kutumia neno ambalo Daudi alilitumia? Na tukiwafundisha waumini kumhoji Mungu, tutawafikisha wapi?

#3 Mpima Nafaka

Shikamoo mzee. Nashukuru kwa pole.

Umetaja mahali penyewe. Neno la Zaburi 22 ni *tolaat*, buu, na ni lile lile analolitumia Bildadi katika 25:6. Lakini katika Zaburi anayejiita buu ni mwenye maumivu, na anamwambia yule aliyemlilia mistari michache nyuma, "Mungu wangu, mbona umeniacha?" Mahali pengine ni Isaya 41:14. Pale Mungu mwenyewe anawaambia watu waliohamishwa Babeli, usiogope, ewe buu Yakobo. Mstari mmoja kabla ya hapo amesema anawashika mkono wa kuume, na mstari mmoja baadaye anasema atamgeuza buu huyo awe chombo kipya cha kupuria chenye meno makali. Kwa Mungu neno hilo linakuja limeshika mkono wa mtu.

Kwa Bildadi linakuja kutoka kwa mtu aliyekaa anamtazama mwenzake anavyojikuna kwa kigae. Mzee wangu, mkumbuke Bildadi ni nani. Ni yule aliyemwambia Ayubu katika 8:4 kwamba watoto wake kama walimkosea Mungu, basi Mungu amewaacha mkononi mwa kosa lao. Alimwambia hivyo baba ambaye makaburi yake yalikuwa bado mabichi. Hotuba yake ya sura ya 25 ina mistari sita tu, fupi kuliko hotuba zote za marafiki, na baada yake Sofari, yule rafiki wa tatu ambaye zamu yake ingefuata, hasemi tena kitu. Mimi naona mshairi ametuonyesha hoja iliyokauka, imebaki na buu tu.

Kuhusu kumhoji Mungu, naomba usome 42:7 taratibu. Biblia zetu zinasema Mungu aliwakasirikia marafiki kwa kuwa hawakunena yaliyo sawa "katika habari zangu" kama Ayubu. Kiebrania kina neno *elai*. Kwa kawaida *elai* ni "kwangu", "kuniambia mimi". Na katika mstari huo huo kitenzi kile kile kimekwisha kutumika na kihusishi kile kile, pale inaposemwa kwamba Bwana alinena maneno haya "kwa Ayubu", na hapo hakuna mfasiri anayeandika "katika habari za Ayubu". Basi usomeni hivi: hamkunena nami sawasawa, kama mtumishi wangu Ayubu. Pitieni hotuba zote za Elifazi, Bildadi na Sofari, hamtakuta hata mara moja mmoja wao akimgeukia Mungu kumwambia neno. Wamezungumza juu yake muda wote. Aliyenena naye ni mmoja, yule aliyemwambia aache kumkodolea macho.

Naheshimu sana utumishi wenu. Lakini pale msibani aliyekuwa kwenye nafasi ya Ayubu ni dada.

#4 Nauliza Tu

Mimi si mtu wa dini, nimevutiwa na uzi. Ayubu nimekisoma chote. Kinachonikera ni kwamba mtu kafiwa na watoto kumi, anauliza kwa nini, halafu Mungu anamjibu kwa maswali ya mbuni na farasi. "Ulikuwa wapi nilipoiweka misingi ya nchi?" Kwangu hiyo ni sawa na bosi kumwambia kibarua "unajua mimi ni nani?" Tofauti yake na Bildadi iko wapi?

#5 Mpima Nafaka

Ndugu, swali lako limenikaa moyoni miaka mingi. Ukali upo na sitauficha: 38:2 Mungu anamwambia Ayubu kwamba anatia shauri giza kwa maneno yasiyo na maarifa. Na sababu ya vifo haitolewi. Ayubu anakufa bila kuijua, sisi wasomaji ndio tunaijua.

Lakini hebu soma sura ya 38 hadi 41 ukitafuta neno buu. Tafuta "mchafu". Tafuta watoto kulaumiwa. Havimo. Kilichomo ni safari. Mungu anamchukua mtu aliyekuwa anaangalia vidonda vyake na kumtembeza.

Wanaanza na misingi ya nchi, mara wanafika baharini. Mnakumbuka Ayubu aliuliza, "Je, mimi ni bahari hata uniwekee lindo?" Sasa anaonyeshwa hiyo bahari. Imetoka tumboni inabubujika, na Mungu anaipokea: mawingu anaifanya nguo yake, na giza nene kitambaa cha kumfungia mtoto mchanga (38:9). Mpaka anaiwekea, ndiyo, anaiambia mwisho wako ni hapa. Ila yule ambaye Ayubu alimdhania kuwa askari jela, ukimtazama kwa karibu, ana mikono ya mkunga. Sijui wewe unalionaje, mimi mstari huo huwa unanisimamisha kila nikiufikia.

Halafu mvua. Mstari wa 26 unasema inanyesha kwenye nchi isiyo na mtu, nyika ambayo hamna binadamu. Nimeusoma mstari huo mwaka wa ukame, gunia za mahindi zimeisha dukani na wateja wanauliza bei kwa kunong'ona, na uliniuma. Mvua inayonyesha pasipo shamba la mtu yeyote! Mungu anamwambia Ayubu kwamba dunia ina mambo mengi yanayotunzwa ambayo hayamhusu yeye. Huo ni udogo kweli, lakini ni udogo wa mtu aliyetoka kwenye chumba kidogo akaingia kwenye uwanja mkubwa.

Kisha wanyama, na karibu wote ni wa porini, hawana faida kwa mtu: simba, kunguru, mbuzi wa majabali, punda mwitu, nyati, mbuni, mwewe, tai. Farasi wa vita peke yake ndiye amewahi kutiwa lijamu. Mungu anauliza kama Ayubu amewahi kuhesabu miezi ya mimba ya mbuzi wa majabali, kama anajua wanavyoinama wakazaa. Mbuzi hao bado wapo kule Ein Gedi, kando ya Bahari ya Chumvi, wanapanda magenge ambayo mtu akiyatazama tu anahisi kizunguzungu.

Kwenye kunguru ndipo nilipo na jibu langu kwako. 38:41 inauliza ni nani anayempatia kunguru chakula, makinda yake yanapomlilia Mungu. Kitenzi ni *shiva*, kulia kuomba msaada. Rudi 30:20 uone Ayubu alisema nini: "Nakulilia, hunijibu." Kitenzi ni hicho hicho. Ayubu aliamini kilio chake kimeanguka chini, na Mungu anamjibu kwa kumwambia kwamba anasikia hata kilio cha kinda la kunguru. Hajasema "na wewe nimekusikia". Hakuhitaji, kwa sababu wakati anasema hayo anaongea naye. Bosi unayemtaja hawezi kukaa na kibarua sura nne nzima akimsimulia mbuzi wanavyozaa.

Na kuna neno dogo mno katika 40:15 ambalo watu hulipita mbio kumfuata huyo Behemothi mkubwa: "niliyemfanya *pamoja nawe*". Dude lile linalokunywa mto bila haraka na Ayubu mwenye majipu, wote ni kazi ya siku moja.

Kabla ya hapo, katika 40:4, Ayubu anasema *hen kaloti*. Wengi wanafasiri "mimi si kitu". Neno lenyewe linatokana na wepesi: mimi ni mwepesi. Ndugu zangu wa mizani mtanielewa. Ukiweka jiwe sahani moja na unga kidogo sahani nyingine, ile ya unga inapanda juu, na ndivyo Zaburi 62 inavyosema juu ya watu: wakiwekwa mizanini wanainuka, wote kwa pamoja ni wepesi kuliko pumzi. Kinyume cha wepesi huo kwa Kiebrania ni *kavod*, uzito, neno linalofasiriwa utukufu. Zaburi 8 ilisema mtu amevikwa *kavod* kama taji. Na katika 19:9 Ayubu alilalamika kwamba Mungu amemvua *kavod* yake na kumwondolea taji kichwani. Mnaona anavyoishika Zaburi ile na kuidai mstari kwa mstari? Kwa hiyo anaposema "mimi ni mwepesi", anajipima mwenyewe, kwa mkono wake, baada ya kuonyeshwa mawe ya upande wa pili. Bildadi alikuwa amembonyezea mizani.

#6 Mtoto wa Pwani

Assalaam aleikum. Mie Muislamu, na Nabii Ayub kwetu ni mtu mkubwa. Katika Sura ya Anbiyaa dua yake ni fupi sana, maana yake madhara yamenipata, nawe ndiye mwenye kurehemu kuliko wote. Haombi kitu waziwazi. Anaeleza hali yake, anamtaja Mola kwa rehema zake, basi. Na huku pwani tuna utendi wa zamani wa Ayubu, na mtu akivumilia sana huambiwa ana subira ya Ayubu.

Swali langu: nimesikia kwamba Biblia ya Kiswahili inataja Kilimia katika habari za Ayubu. Ni Kilimia hiki chetu?

#7 Mpima Nafaka

Waaleikum salaam ndugu yangu. Dua hiyo uliyoitaja inanigusa, maana na yenyewe imesemwa kwa "wewe".

Ndiyo, ni hicho hicho. Ayubu 38:31, Mungu anauliza, je, waweza kuufunga mnyororo wa Kilimia? Kiebrania ni *Kima*, lile kundi dogo la nyota zilizosongamana, na kimetajwa pia 9:9 pamoja na vyumba vya nyota za kusini. Watafsiri wangeweza kuandika jina la kigeni, wakachagua neno la mkulima, maana Kilimia kinatokana na kulima. Nyinyi wa pwani ndio mnaosema Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Basi msomaji wa Kiswahili akifika hapo anasikia kitu ambacho msomaji wa lugha nyingine huenda asikisikie: anaulizwa kama anaweza kuyashika majira. Mimi ambaye riziki yangu inategemea majira hayo, jibu langu nalijua.

#8 Binti Sayuni

Mtumishi barikiwa. Lakini mbona mwisho Ayubu anasema "najichukia nafsi yangu, na kutubu katika mavumbi na majivu"? Si amekubali kwamba kina Bildadi walikuwa sahihi?

#9 Mpima Nafaka

Dada, huo ni 42:6, na ni mmoja wa mistari migumu kuliko yote kitabuni. Nitakupa ninavyousoma mimi, wewe upime.

Kwanza, "nafsi yangu" haimo katika Kiebrania. Kuna kitenzi *em'as*, nakataa, naachana na, lakini hakisemi anaachana na nini. Watafsiri walijaza. Ayubu sura nyingi amekuwa akizungumza kama mtu aliye mahakamani, kwa hiyo kwangu mimi anachokiacha ni kesi yake. Hata Ayubu wa Qumran, kule kwenye mapango ya hati za kale kando ya Bahari ya Chumvi, hana kujichukia. Mwaka 1956 katika pango la 11 ilipatikana tafsiri ya kale ya Ayubu kwa Kiaramu, na mahali hapo Ayubu anamwagika na kuwa mavumbi na majivu.

Pili, neno lililofasiriwa "kutubu" ni *nihamti*. Mzizi huo una kubadili nia, na una kufarijika pia. Katika kitabu hiki marafiki walikuja kumfariji (2:11), Ayubu akawaita wafariji wa kutaabisha (16:2), na mwishoni ndugu zake wanakuja kula naye na kumfariji (42:11), na kote mzizi ni huo. Kwa nini iwe ni 42:6 tu ambapo faraja isisikike kabisa? Wafariji watatu walishindwa. Mimi nasikia mtu anayesema: naiacha kesi, nimefarijika juu ya kuwa mavumbi na majivu.

Na hayo "mavumbi na majivu" yana ndugu yake. Kwa Kiebrania maneno hayo mawili yakiwa pamoja hivyo yanapatikana mara tatu tu katika maandiko: hapa, Ayubu 30:19, na Mwanzo 18:27. Kule Mwanzo ni Ibrahimu, na anafanya nini? Anapatana bei! Anaiombea Sodoma. Mimi ni mavumbi na majivu, anasema, lakini je, wakipatikana wenye haki arobaini na watano? Alianza na hamsini, akashuka arobaini, thelathini, ishirini, hadi kumi. Nimekaa sokoni miaka kumi na saba, naijua sauti hiyo. Ni ya mnunuzi mwenye pesa kidogo anayejishusha huku hajaachia gunia. Mungu hakumwambia Ibrahimu, "wewe ni nani?" Alishuka naye bei kila alipotaja.

Na marafiki hawakuwa sahihi, maana mstari unaofuata ndio ule wa 42:7. Wao ndio wanaoambiwa wapeleke mafahali saba na kondoo dume saba kwa Ayubu ili awaombee.

#10 Mama Wawili

Nimesoma kimya tangu mwanzo. Mwaka juzi nilimzika mwanangu, na mimi niliambiwa maneno kama ya dada yako. Naomba kuuliza mambo mawili. Kama ungepewa nafasi ungesoma nini pale? Na dada anaendeleaje?

#11 Mpima Nafaka

Mama, pole. Pole sana. Nimekaa na ujumbe wako kabla ya kujibu.

Zaburi 39 ningeweza kuisoma. Mshairi anamwambia Mungu kwamba siku zake amezifanya ziwe *tefahot*. Biblia yetu inasema mashubiri, lakini kipimo chenyewe ni kidogo zaidi ya shibiri: ni upana wa vidole vinne vilivyobanwa. Na inaisha kwa kumwomba Mungu ageuze uso pembeni ili mtu apate kukunjua uso kidogo kabla hajaondoka. Iko kwenye Biblia, na hakuna aliyeifuta. Zaburi 90 pia. Mungu anawaambia wanadamu "rudini" mavumbini, na mistari kumi baadaye mwanadamu anachukua kitenzi hicho hicho na kumwambia Mungu, "rudi, hata lini?"

Lakini nilichosoma ni kingine. Jumapili nilikwenda kwa dada. Tulikaa uani, anachambua mchele, nikamwomba nimsomee Ayubu 7 yote, hata yale ya kumeza mate. Akasema soma. Nilipofika mstari wa 6 nikasimama, nikamwambia kuna neno nataka alione. Ayubu anasema siku zake zinakimbia kuliko kile kijiti chenye uzi kinachorushwa kushoto na kulia kwenye kitanda cha mfumaji, nazo zinaisha *be'efes tikva*. *Tikva* ni tumaini. Lakini *tikva* pia ni uzi. Ile kamba nyekundu ambayo Rahabu aliifunga dirishani huko Yeriko, Yoshua 2, inaitwa hivyo hivyo. Kwa hiyo Ayubu anasema vyote kwa neno moja: siku zangu zimeisha bila tumaini, siku zangu zimeishiwa uzi.

Dada aliacha kuchambua. Alitazama vidole vyake. Akaniuliza neno hilo linarudi tena? Nikamfungulia 14:7: mti una *tikva*, ukikatwa utachipuka, hata kisiki kikifia mavumbini, kwa harufu ya maji tu kitatoa machipukizi. Lakini mtu akifa, basi. Na 14:19 anamwambia Mungu waziwazi: *tikva* ya *enosh* umeiharibu wewe.

Akasema, "Kwa hiyo mti unatushinda."

Nikamwambia ndiyo, Ayubu anasema unatushinda.

"Na Mungu hakumkasirikia kwa kusema hivyo?"

Nikamsomea 42:7, pamoja na *elai*. Akakaa kimya muda mrefu, kuku wamesogea kwenye ungo na hakuwafukuza. Halafu akasema, "Basi na mimi nitamwambia hivyo hivyo," akaingia ndani akafunga mlango. Nilimsikia akiongea. Sikusogea karibu kusikia anasema nini. Nilifukuza kuku, nikamalizia mchele uliobaki.

Arobaini inakaribia. Amemwambia mumewe kwamba anataka nisome mimi, na amechagua sura ya 7.